Mama Mkwe, Meno na Mfuko Mwekundu

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema, tena kwa sauti, kwa sababu mke wangu huisoma hadithi hii kabla yenu, na mahali ninapojipendelea hupiga mstari.

Kama wiki iliyopita hukuwepo, sogea nikufupishie. Kiwanda cha sabuni kilinitema. Banda langu la kuchaji simu likaungua, likaungua na simu za watu. Nikakaa nyumbani nikilea pacha wetu, nami nikilelewa na maneno ya mama mkwe. Ndipo nikaokota kazi katika hospitali moja ya ghorofa tatu: kukusanya taka za wodini na kuzifikisha kwenye tanuri. Nipo kwenye majaribio. Nikivuka, naajiriwa. Nisipovuka, narudi sebuleni, na sebuleni ndiko anakokaa mama mkwe.

Kazi hiyo usiidharau. Taka za hospitali zina koo zake, na hazioani ovyo. Karatasi na maganda ya matunda, mfuko mweusi. Bandeji, pamba na chochote kilichogusa damu, mfuko mwekundu. Sindano na viwembe havilali kwenye mfuko wowote. Hivyo vina kisanduku chao kigumu cha njano kinachoning'inia ukutani, na kikijaa hadi kwenye mstari uliochorwa kinafungwa. Hakishindiliwi kama gunia la mkaa.

Aliyenifundisha hayo ni Sista Mkuu. Mwanamke mfupi, sauti ndogo, lakini akisema neno hata feni inapunguza mwendo.

"Mfuko mwekundu ukishafungwa, umezikwa," aliniambia siku ya kwanza. "Haufunguliwi hata kama umeiangusha humo roho yako. Atakayeufungua, siku hiyo hiyo anavua aproni. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista. Na nikiangusha roho ya mtu mwingine?"

Hakucheka. Nikajua hapa nimefika kwa wenyewe.

Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kukaa nyumba moja. Haukupita muda manesi wakanibandika jina: Waziri wa Taka. Nami nikalipokea kiuwaziri, nikaanza kutoa matamko. Daktari akitupa glavu kwenye mfuko mweusi, namsimamisha: "Dokta, ndugu zake wote wako kwenye mwekundu, mbona unamtenga na familia?" Nesi akikishindilia kisanduku: "Dada, huo mstari walichora urembo?" Watu wanacheka, wanarekebisha. Hata Sista Mkuu nilimwona siku moja midomo imemcheza.

Nilikuwa naelekea kuajiriwa, wapendwa. Nilikuwa nainusa barua.

Basi mama mkwe akalazwa.

Vijiwe kwenye nyongo. Kwamba mama mkwe ana nyongo nilijua tangu siku niliyokwenda kuposa. Kwamba ina mawe ndiyo ilikuwa habari mpya. Akafanyiwa upasuaji salama, akawekwa chumba cha mwisho cha ghorofa ya kwanza, chenye vitanda viwili. Kitanda cha pili hakikuwa na mtu.

Asubuhi yake nikaingia na toroli langu. Buti, aproni ndefu, glavu nene, barakoa. Mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Mama mkwe alikuwa amefumba macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Sauti ilitoka kama imepitia kwenye blanketi. Akafumbua jicho moja. "Nani huyo? Zimamoto?"

"Ni mkweo, mama. Nipo kazini."

"Bado hawajakufukuza?"

"Bado, mama."

"Haya. Mchana bado mrefu." Akafumba jicho.

Mke wangu akaangalia dirishani ili nisimwone akicheka. Nilimwona.

Hapo ndipo shetani wa sifa aliponipanda. Nikasema leo huyu mama ataniona nikifanya kazi, atajua binti yake hakuokota jiwe. Nikakiendea kisanduku cha njano ukutani. Kilikuwa kimepita mstari. Nesi mgeni, binti mmoja mpole aliyekuwa akiandaa dawa ya mama mkwe mezani, akashtuka.

"Nesi," nikasema kwa sauti ya kusikika kitandani, "kisanduku kikivimba hivi kinatafuta mtu wa kumchoma."

"Samahani, Mheshimiwa Waziri."

"Umesamehewa."

Nikakifunga, nikakinyanyua kwa mikono miwili kama kombe la mashindano, nikatoka nacho hadi kwenye toroli kwenye korido. Huko nikamkuta daktari wa zamu. Nikamtania kidogo kuhusu glavu zake, akanitania kuhusu mama mkwe wangu, tukacheka. Nikarudi ndani. Nesi mgeni alikuwa anatoka. Mezani palikuwa na tishu iliyoviringishwa, ina doa la damu. Sheria ni sheria: nikaikwangua ikaingia mfuko mwekundu. Nikausokota mfuko shingo, nikaukaza kwa kamba ya plastiki, nikabandika kibandiko cha chumba. Nikainama kidogo kuelekea kitandani, nikatoka kama bwana harusi.

Kuna kitu kimoja nilipaswa kukifanya mle ndani, nami sikukifanya. Nilikuja kukijua baadaye, kwa maumivu.

*

Nilikuwa uani naosha toroli mke wangu alipoteremka ngazi mbio, viatu mkononi.

"Baba Pacha! Meno!"

"Meno gani?"

"Ya mama!"

"Yamefanya nini?"

"Hayapo! Mama amezinduka vizuri, kapapasa mdomo, mtupu. Anasema aliyavua, akayaviringisha kwenye tishu, akayaweka mezani. Nimetazama mezani, nimetazama chini ya kitanda, nimetazama mpaka ndani ya foronya. Nani alifagia ile meza?"

Maji ya mpira yaliendelea kuosha mguu wangu.

"Tishu hiyo," nikauliza polepole, "ilikuwa na doa?"

"Nakwambia meno, wewe unaniuliza doa?"

"Nauliza tu."

"Baba Pacha."

"Naam."

"Yako wapi meno ya mama yangu?"

Nilinyoosha kidole tu, kuelekea chumba cha kuhifadhia taka.

Wasomaji, naomba mnielewe. Meno yale mama mkwe aliyasubiri tangu pacha wetu hawajajua kutambaa. Siku alipoyavaa alikwenda nyumba kwa nyumba akicheka vitu visivyochekesha. Na tangu hapo ugomvi wake ulipata makali mapya, kila neno linatoka limenolewa. Kwa nukta moja fupi, Mungu anisamehe, niliona upande mzuri wa kuyapoteza.

Nukta ikapita. Mke wangu alikuwa bado amesimama mbele yangu.

"Fungua mfuko," akasema.

"Haufunguliwi."

"Ni mfuko, si kaburi."

"Kwa Sista Mkuu ni kaburi. Nikiufungua, aproni navua leo."

"Sawa. Basi panda juu ukamwambie mama kwamba meno yake umeyazika, na kesho mnayateketeza."

"Si kesho. Leo. Sasa hivi."

Tukageuka wote wawili. Bomba la tanuri lilikuwa limeanza kutoa kamoshi kembamba.

Nikapiga hesabu zangu. Sista Mkuu niko naye mpaka jioni. Mama mkwe niko naye maisha.

*

Mwenye tanuri tunamwita Moshi. Ni mtu wa pole, hana haraka, na tanuri lake analiongelea kama ng'ombe wa maziwa. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, anatazama mshale wa joto.

"Moshi, kaka, leo usianze kwanza."

"Linakaribia kuwa tayari. Likipata joto halisubiri. Si kama wewe unavyosubiri ajira."

"Dakika chache tu."

"Za nini?"

Hapo nilipaswa kusema kweli. Mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikasema, "Sista Mkuu anakuita juu. Amesema haraka."

Moshi akainuka, akajifuta mikono, akanikabidhi ufunguo wa chumba cha taka. "Niangalizie," akasema, akaondoka kwa mwendo wake ule wa kuhesabu kokoto.

Tukaingia. Chumba kidogo, sakafu ya vigae, mizani kwenye kona, mifuko imepangwa myekundu huku, visanduku vya njano kule. Mfuko wetu ulikuwa juu kabisa. Mke wangu akabaki mlangoni, ameziba pua kwa khanga.

"Kata," akanihimiza.

Nikakata kamba.

Sasa sikilizeni ujinga unavyoingia kwa mtu. Hauji mbio. Kwanza unabisha hodi, kisha unavua viatu, kisha unakaa. Hodi ilikuwa pale nilipokata kamba. Kuvua viatu ni pale nilipoona glavu zile nene haziwezi kuchagua tishu kwenye pamba, nikavua ya kulia. Kukaa ni pale nilipouingiza mkono mtupu.

"Umeyapata?"

"Subiri." Nikashika tishu yenye doa. Nikaitoa, nikaifungua mbele ya mke wangu.

Maganda ya chungwa.

Tukayatazama. Maganda yakatutazama.

"Hayo," mke wangu akasema taratibu, "ni yangu mimi. Nilimenya chungwa asubuhi. Nikajikata." Akaonyesha kidole chake. Kweli kilikuwa na kijeraha kibichi.

"Ganda la chungwa linaenda mfuko mweusi, Mama Pacha."

"Baba Pacha, usinifundishe kazi saa hii. Tafuta meno!"

Nikazamisha mkono tena, chini zaidi. Nikapapasa pamba. Nikapapasa bandeji. Kitu kikaning'ata kidole cha kati.

Niamini au usiniamini, kwa nukta moja nilifurahi. Nilidhani nimeyapata, tena yamenitambua.

Nikautoa mkono. Kidoleni palikuwa pamening'inia bomba la sindano, limevikwa pamba kama mtoto mchanga, sindano yake imeingia kwenye nyama yangu. Nikaichomoa. Tone la damu likatokeza, likakua, likateremka.

Hapo utani ukanitoka.

Nilikuwa nimewatania manesi wote kwa habari ya sindano. Nilijua sindano iliyotoka kwa mgonjwa inaweza kubeba nini. Nilikuwa nalisema kila siku korido nzima, kwa kicheko, kana kwamba ni habari ya mtu mwingine. Nikaenda bombani. Sabuni, maji yanayotiririka, bila kuminya, bila kunyonya, kama nilivyofundishwa. Damu ikachuruzika na povu.

"Nini hicho?" mke wangu akauliza.

"Msumari."

"Msumari? Kwenye mfuko wa bandeji?"

"Misumari siku hizi iko kila mahali."

Akaufuata mkono wangu kwa macho mpaka sinki, kisha akarudi kuutazama mfuko, na lile bomba la sindano nililolitupa juu yake. Mama Pacha si mtu wa kudanganywa na msumari. Uso wake ukapoteza rangi.

"Baba Pacha..."

Hakumaliza. Mlangoni pakatokea Moshi. Nyuma ya Moshi, kimya kama kivuli cha mchana, Sista Mkuu.

"Moshi anasema nimemwita," akasema. "Nimeteremka kumuuliza nilimwitia nini."

*

Mtu ukiwa na siku mbaya, huwa haiji peke yake. Kabla sijajibu, tukasikia viatu vya mbio, na nesi mgeni akajipenyeza kati ya Moshi na fremu ya mlango, anahema, uso unang'aa kwa habari njema.

"Mama Pacha! Meno ya mama yamepatikana! Yalikuwa kabatini kwetu, kwenye kikopo chenye jina lake. Haingii mtu upasuaji na meno ya bandia, tulimvua jana kabla ya dawa ya usingizi. Hiyo ya tishu mama aliiota! Nimeshampa, ameyavaa, anaomba uji..."

Habari njema zikamfia mdomoni. Aliona mfuko.

Wote waliuona mfuko. Ulikuwa umefumuka katikati ya sakafu, pamba nje, maganda ya chungwa juu.

"Nani amefungua?" Sista Mkuu akauliza.

"Mimi, Sista."

"Mkono umeficha wapi?"

"Mfukoni, Sista."

"Una nini?"

"Umejikwaruza. Msumari."

"Nionyeshe msumari."

Hata tanuri nililisikia linapumua.

Sista Mkuu hakungoja zaidi. Aliinama, akalitazama bomba la sindano bila kuligusa, akainuka, akamgeukia nesi mgeni. Hakupandisha sauti. Angeipandisha ingekuwa nafuu.

"Sindano imefikaje kwenye mfuko wa bandeji?"

Machozi yakamtoka binti wa watu. "Nilimchoma mama dawa ya maumivu, Sista. Nikageuka nitupe sindano, ukuta mtupu. Kisanduku hakipo. Nilishindwa kuzunguka nayo mkononi, nikaogopa nitachoma mtu. Nikaivika pamba, nikaisimamisha ndani ya mfuko, pembeni, nikakimbia kutafuta kisanduku kingine. Niliporudi, mfuko haupo na Waziri hayupo."

"Kisanduku kipya kinawekwa kwanza, ndipo cha zamani kinaondoka," Sista Mkuu akasema. Alisema polepole, akimwangalia kila mmoja wetu. "Kwanza kipya. Ni neno la pili ninalomfundisha kila anayekuja hapa. Nani aliondoa cha zamani?"

Moshi akatazama dari. Mke wangu akanitazama mimi. Nesi mgeni alitazama chini, kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniuma kuliko sindano.

"Nilikuwa nimekibeba kama kombe," nikasema. "Nikasahau kuwa kombe likiondoka ukutani linaacha pengo."

"Nesi, na wewe tutaonana," akasema Sista. "Ungeishika mkononi ukaniita, ningekuja. Moshi, ufunge mfuko huu ndani ya mwingine, kwa koleo, usiuguse kwa mkono. Na wewe," akanielekezea kidevu, "tunakwenda kwa daktari."

Nikabaki nimesimama.

"Sista, ngoja. Nikienda kwa daktari, itaandikwa kwamba nilifungua mfuko. Ikiandikwa, kazi imekwenda. Nimeshaosha kwa sabuni. Tuseme tu..."

"Tuseme nini?"

"Tuseme msumari."

Akanisogelea. Alinifika kifuani, lakini nilihisi mimi ndiye ninayetazama juu.

"Sikiliza, baba. Habari ya aproni nitakujibu daktari akishamaliza na wewe, wala usiniwahi. Dawa za kinga zinaanzwa mapema, na kila unavyobishana unazichelewesha. Mguu mbele."

Nikaweka mguu mbele.

*

Daktari wa zamu ni yule yule niliyemtania asubuhi. Alikuwa kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, nje ya chumba cha mwisho, na hapo hapo tukamweleza. Safari hii hakuna aliyemtania mwenzake. Alitazama kidole, akauliza niliosha vipi, akaridhika, akanibandika plasta. Akanipa kidonge cha kwanza na maji kwenye kikombe cha karatasi. Nikameza.

"Utapimwa leo, na utarudi kupimwa tena," akasema. "Virusi vya Ukimwi, homa ya ini. Usiogope, mara nyingi mambo huisha vizuri, lakini hatubahatishi. Sasa jambo moja. Sindano ilikuwa ya nani?"

"Ya chumba hiki," Sista Mkuu akajibu. "Mgonjwa ni mmoja tu."

"Afadhali. Basi hatuna haja ya kukisia. Tutamwomba ridhaa, tumpime, tujue tunapambana na nini. Akiwa salama, kijana huyu anaachana na vidonge."

Hapo kichwa changu kikafanya kazi kwa mara ya kwanza siku hiyo, na ningependa kisingefanya. Nikaelewa wanataka kumwomba nani.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Daktari, mgonjwa huyo ni mama mkwe wangu."

"Najua. Uliniambia mwenyewe asubuhi, ukamwita Bosi wa Mawe."

Mke wangu akageuza shingo taratibu. "Ulimwita mama yangu nani?"

"Tutazungumza nyumbani, Mama Pacha. Daktari, nisikilize. Huyo ni mjane, mtu mzima, mwanakwaya. Mnakwenda kumwambia eti naomba tukupime virusi, kwa sababu gani? Kwa sababu mkweo kajichoma sindano yako. Kajichomaje? Alikuwa anapekua mfuko wa taka. Anapekua nini? Meno yako. Meno yangu yalifikaje kwenye taka? Unaona maswali yanavyofuatana? Kila swali linaishia kwangu!"

"Wewe hutamwomba," Sista Mkuu akasema. "Si kazi yako, ni kazi yetu. Tutaongea naye peke yake, na akikataa tutaheshimu."

"Hamumjui. Hatakataa. Atauliza."

"Basi atajibiwa."

"Heri nimeze vidonge bila kujua. Nitavimeza hata mwaka."

"Vinatapisha," daktari akasema.

"Nitatapika."

"Vinaleta ndoto mbaya."

"Daktari, mimi nakaa na mama mkwe."

Mke wangu akanisogelea. Alinishika mkono, ule ule wenye plasta, akaubana kidogo.

"Baba Pacha, watoto wana wazazi wawili," akasema, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Nikilala nawe usiku nataka nijue. Nikikuachia mtoto umlishe nataka nijue. Aibu utaizoea, nyingine umeshazizoea. Mimi kutojua sitakuzoea."

"Lakini mama yako, Mama Pacha. Miaka yote hii ananiona mtu wa kufukuzwa kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza kaniona nimevaa aproni. Mara ya kwanza! Nataka jioni hii moja tu aamini nina kazi. Jioni moja."

"Kwa hiyo unataka heshima ya jioni moja, na sisi tukae na hofu miezi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo."

"Nimesema tusimwamshe, kalala, mgonjwa, tumbo lina nyuzi..."

"Nani kalala?"

Sote wanne tukageuka. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umeegeshwa tu, na wala haukuwa umefungwa wakati wowote tangu tuanze. Sauti ilitoka ndani safi kabisa, kila neno na makali yake, imepata meno.

Sista Mkuu akausukuma mlango. Mama mkwe alikuwa ameketi, mto mgongoni, bakuli la uji mapajani. Alikuwa amekunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko, na mkono wenyewe ameunyoosha juu ya shuka, mishipa nje. Daktari akafungua kinywa aanze maelezo yake ya ridhaa. Mama mkwe akamwinulia kijiko kumkatiza.

"Yote nimeyasikia, baba, usijichoshe. Damu hii hapa, chukua unayotaka," akasema. Kisha kijiko kikanigeukia mimi. "Na ukishamaliza na mimi, mpime na huyu akili, maana hiyo ndiyo iliyoanza kuugua kabla ya kidole."